Ikulu ya Dar es Salaam

Ikulu ya Dar es Salaam ni makazi na ofisi rasmi ya Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania katika jiji lililokuwa makao makuu ya serikali kwa zaidi ya miaka 100. Jumba hilo jeupe liko Magogoni, kando ya Bahari ya Hindi, na anwani yake ni namba 1, Barabara ya Barack Obama. Watanzania walio wengi hawajawahi kukanyaga ndani ya uzio wake, ila karibu wote wamewahi kulishika mkononi: picha yake imechapwa nyuma ya noti ya buluu ya shilingi 1,000, ile yenye sura ya Mwalimu Julius Nyerere upande wa mbele.

Magazetini na vijiweni, neno Magogoni peke yake linatosha. Kila uchaguzi unapokaribia, huandikwa habari za mbio za kwenda Magogoni na kuulizwa nani atakuwa mpangaji mpya. Lugha hiyo ya upangaji inalifaa jumba lenyewe, kwani hakuna utawala ulioanza upya mahali pengine. Mjerumani alijenga, Mwingereza akajenga juu ya msingi wa Mjerumani, Tanganyika huru ikaingia alimotoka Mwingereza. Hata serikali ilipohamia Dodoma na kujenga Ikulu mpya kabisa, sura ya jumba la pwani ilifuatwa.

Mahali ilipo

Ikulu imekaa karibu na mdomo wa bandari ya Dar es Salaam, pale meli zinapokata kona kuingia ndani. Upande mmoja kuna ufukwe na barabara iendayo Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambayo leo ni taasisi ya matibabu ya saratani. Upande wa pili, umbali wa kutembea kwa miguu, kuna Soko la Samaki la Feri na kivuko cha kwenda Kigamboni. Nyuma yake ziko bustani za mimea zilizoanzishwa na Wajerumani, Ukumbi wa Karimjee na Makumbusho ya Taifa.

Ujirani huo na Feri ni wa aina yake. Alfajiri, wakati walinzi wa Ikulu wanabadilishana zamu, madalali wa samaki wanaanza mnada, wakaanga samaki wanawasha moto, na wafanyakazi wanaotoka Kigamboni wanashuka kwenye pantoni kwa mamia. Kabla Daraja la Kigamboni halijafunguliwa mwaka 2016, pantoni ndiyo iliyokuwa njia ya karibu kuliko zote ya kuvuka, na kila abiria alipita akilitazama jumba la Rais kutoka majini.

Katika viwanja vya Ikulu hutembea tausi, ambao wamekuwa sehemu ya sura yake kiasi kwamba watu huwataja pamoja na jengo. Mwaka 2020 Rais John Magufuli aliwazawadia tausi marais wastaafu Ali Hassan Mwinyi, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete, pamoja na Mama Maria Nyerere, akasema ni kumbukumbu ya mahali walipoishi na kufanya kazi.

Jumba la gavana Mjerumani

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 mji ulizorota. Wajerumani ndio walioufufua: mwaka 1891 waliuhamishia makao makuu ya koloni lao la Afrika ya Mashariki kutoka Bagamoyo, kwa kuwa bandari yake ilikuwa na kina na ilijificha dhidi ya mawimbi. Gavana wa kwanza, Julius von Soden, aliikuta kazi ya kujenga mji wa kiserikali ikiwa mbichi, na katika miaka ya 1890 jumba la gavana likainuliwa Magogoni, likiitazama bahari.

Magavana walipokezana humo hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Gustav Adolf von Götzen alikuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipolipuka Julai 1905, vita vilivyoua watu wengi kusini mwa nchi, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Wa mwisho kuishi Magogoni alikuwa Heinrich Schnee, aliyeingia mwaka 1912.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Schnee alitaka mji ubaki wazi, usipiganiwe, ili usibomolewe. Kamanda wake wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, hakukubaliana naye. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliushambulia mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Mwishoni mwa Novemba manowari Goliath na Fox zilirudi, na katika mashambulizi ya siku mbili tofauti, tarehe 28 na 30, mizinga mizito ya Goliath ililiharibu vibaya jumba la gavana. Serikali ya Schnee ilikuwa imekwisha kujiondoa pwani na kuelekea bara. Waingereza walipouteka mji mwanzoni mwa Septemba 1916, mshindi alikuta gofu mahali pa nyumba ya mtawala.

Sinclair na matao yake

Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza, gavana wa kwanza, Horace Byatt, aliamua kujenga upya palepale. Jengo linaloonekana leo ni la mwaka 1922, na mchoro wake ni wa J. H. Sinclair, ofisa wa serikali ya Kiingereza Zanzibar aliyekuwa pia msanifu majengo. Sinclair alikuwa amekwisha kuujaza Mji Mkongwe alama zake, ikiwamo Mahakama Kuu pale Vuga, na aliupenda mtindo wa kuchanganya ujenzi wa Kizungu na wa Kiarabu wa mwambao: kuta nyeupe, matao, vibaraza vipana vya kupitisha upepo.

Hesabu yake ilikuwa ya hali ya hewa na ya siasa kwa pamoja. Kibaraza kirefu kinakinga jua la pwani na kuacha upepo wa bahari uingie. Matao nayo yalimpa gavana mgeni nyumba yenye sura iliyozoeleka na watu wa mwambao waliozoea majumba ya masultani. Sinclair ndiye pia aliyechora makazi ya mwakilishi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1903, nyumba ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuja kuwa Ikulu ya Zanzibar. Hivyo pande zote mbili za Muungano zilirithi ikulu zilizotoka kwenye mkono wa mchoraji mmoja.

Kwa miaka karibu 40 jumba la Magogoni liliitwa Nyumba ya Serikali. Magavana tisa wa Kiingereza walipita humo, kuanzia Byatt hadi Richard Turnbull. Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, ndiye aliyesimika utawala wa kupitia machifu. Edward Twining, mtu wa sherehe na kofia zenye manyoya, alikuwa mwenyeji wa Princess Margaret mwaka 1956, wakati chama cha TANU kimeshatimiza miaka miwili na kiongozi wake, Nyerere, ameshahutubia Umoja wa Mataifa. Turnbull alipoingia Julai 1958 alimkuta Nyerere akikabiliwa na kesi ya kuwakashifu maofisa wa serikali. Kinyume cha mtangulizi wake, alichagua kuzungumza na kiongozi huyo wa TANU, na mazungumzo yao yaliifikisha nchi kwenye uhuru bila bunduki kulia.

Mpangaji mpya

Wengi hudhani Nyerere aliingia Ikulu siku bendera ya Mwingereza iliposhushwa. Sivyo. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru ikiwa bado na Malkia Elizabeth kama mkuu wa nchi, na Turnbull alibaki Magogoni kwa mwaka mzima zaidi kama Gavana Mkuu. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na Januari 1962 alijiuzulu ili akakijenge chama, akamwachia Rashidi Kawawa serikali. Jumba lilibadilisha mwenyeji nchi ilipokuwa jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, na Nyerere akaapishwa kuwa Rais wa kwanza.

Haukupita muda mrefu kabla ya jaribio kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Kundi moja lilikwenda moja kwa moja Ikulu. Nyerere na Kawawa walikuwa wameshatolewa na kufichwa ng'ambo ya Kigamboni, na ikawa kazi ya Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, kukabiliana na waasi na kuwatuliza. Maasi yalizimwa tarehe 25 Januari na makomando wa Kiingereza waliotua kutoka manowari Centaur, jambo lililomuuma Nyerere kwa kuwa alilazimika kuwaomba wakoloni wa jana. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Tukio jingine lililobaki vinywani ni la tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi viwanja vya Ikulu, baadhi wakiwa wamevaa majoho yao ya kitaaluma, kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walitakiwa kutumikia kwa malipo pungufu ya mshahara ambao wangestahili kama wasomi. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Nyerere aliwasikiliza mbele ya mawaziri wake, kisha akawageukia kwa hasira: kama tatizo ni mishahara ya wakubwa, basi itapunguzwa, na ataanza na wa kwake. Mshahara wa Rais ulikatwa kwa asilimia 20 na ya mawaziri nayo ikapunguzwa, huku wanafunzi karibu 400 wakifukuzwa chuo. Miezi mitatu na ushee baadaye likatoka Azimio la Arusha, lenye masharti makali ya uongozi.

Nyerere mwenyewe hakulipenda jumba kama nyumba ya kulala. Alijenga nyumba yake Msasani, na kwa sehemu kubwa ya urais wake aliishi huko, akienda Magogoni kufanya kazi na kupokea wageni. Mwaka 1995, akiwa amestaafu kwa miaka kumi na chama tawala, CCM, kikitafuta mgombea urais, alizungumzia sana heshima ya mahali pale. Alisema Ikulu ni mahali patakatifu, kwamba si mahali pa biashara, na kwamba mtu anayetumia fedha kutaka kuingia humo ni wa kuogopwa kama ukoma. Maneno hayo yanarudiwa hadi leo kila msimu wa kuchukua fomu, mara nyingi na wagombea wenyewe.

Kazi za kila siku

Ikulu ni ofisi kabla ya kuwa makazi. Humo mawaziri, majaji, mabalozi na makatibu wakuu huapishwa, na mabalozi wa nchi za nje hukabidhi hati zao za utambulisho. Kila mwishoni mwa Machi Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti yake kama Katiba inavyotaka. Mwezi wa Ramadhani marais hufuturisha viongozi wa dini, mabalozi na watoto yatima. Na kutoka kurugenzi ya mawasiliano hutoka taarifa za uteuzi na utenguzi, ambazo watu huziita mkeka. Mkeka ukitoka usiku, simu za watumishi wa umma hazilali.

Wageni wa kigeni waliopita ni wengi. Katika miaka ya 1970 marais wa nchi zilizokuwa mstari wa mbele wa ukombozi, wakiwamo Kenneth Kaunda wa Zambia na Samora Machel wa Msumbiji, walikuwa kama wenyeji Dar es Salaam. Februari 2008 Rais George W. Bush wa Marekani alitia saini na Kikwete mkataba wa msaada wa Changamoto za Milenia wa dola milioni 698. Mwaka 2013 walikuja Xi Jinping mwezi Machi na Barack Obama mwezi Julai. Ziara ya Obama ndiyo iliyobadilisha jina la barabara iliyo mbele ya Ikulu, iliyokuwa ikiitwa Ocean Road.

Mwishoni mwa Oktoba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokelewa Ikulu na Rais Samia Suluhu Hassan, katika kiwanja kilekile walichoishi magavana wa nchi yake. Tarehe 1 Novemba alikwenda Songea na kuomba radhi kwa yale Wajerumani waliyoyatenda wakati wa Maji Maji.

Namna kila Rais anavyolitumia jumba inaeleza mengi kuhusu utawala wake. Magufuli, siku moja tu baada ya kuapishwa tarehe 5 Novemba 2015, alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha iliyo jirani, akaingia ofisi hata ofisi na kuuliza wenye viti vitupu wako wapi. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Desemba, alifuta gwaride la Uhuru na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi. Yeye mwenyewe alionekana akizoa takataka mitaa ya Feri pamoja na wachuuzi. Mwaka 2017 aligeuza ukumbi wa Ikulu kuwa jukwaa la vita vyake vya makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje: ripoti mbili za kamati zilisomwa mbele yake mwezi Mei na Juni huku nchi ikitazama moja kwa moja kwenye runinga, na siku mbili baada ya ripoti ya pili mwenyekiti wa kampuni ya madini ya Barrick Gold, John Thornton, akaja kuzungumza naye hapohapo.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye, Ikulu ya Dar es Salaam, Samia aliapishwa kuwa Rais wa sita na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Machi 2022, Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, alifutiwa mashtaka ya ugaidi baada ya miezi zaidi ya saba mahabusu. Jioni hiyohiyo alikuwa ameketi Ikulu akizungumza na Rais, na picha yao ilisambaa kabla wafuasi wake hawajamaliza kushangilia kuachiwa kwake.

Chamwino

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi. Nyerere alijengewa makazi Chamwino, mashariki mwa mji wa Dodoma, katika eneo la kijiji cha ujamaa. Kwa miongo minne hivi uamuzi ulibaki nusu: Bunge na chama vilikuwa Dodoma, Rais na wizara vikabaki Dar es Salaam.

Julai 2016 Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahama kabla ya muhula wake kwisha. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangulia mwaka huohuo, Samia, wakati huo Makamu wa Rais, akafuata Desemba 2017. Mwaka 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji, na Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza makao makuu ya nchi. Magufuli mwenyewe alihamia Chamwino Oktoba 2019, akajiandikisha huko kupiga kura ya serikali za mitaa. Mei 2020 aliweka jiwe la msingi la jengo jipya. Samia alilizindua tarehe 20 Mei 2023.

Ikulu ya Chamwino imesimama ndani ya eneo la zaidi ya ekari 8,000. Kiwanja cha Magogoni, kilichobanwa kati ya bahari na mji, ni kama ua mbele yake. Lakini wachoraji hawakutafuta sura mpya. Kuta ni nyeupe, matao ni yaleyale, vibaraza vinafuata mpangilio wa jengo la pwani. Mtindo ambao Sinclair aliutoa Zanzibar kwa ajili ya upepo wa bahari sasa uko kwenye nyika ya Ugogo, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo sura ya Ikulu. Jengo la vioo lingehitaji kuelezwa.

Hadhi ya sasa

Kuhama hakukuifunga Ikulu ya Dar es Salaam. Rais bado hufanya kazi humo kwa vipindi, wageni wengi wa kitaifa hupokelewa humo kwa kuwa jiji lina uwanja mkubwa wa ndege na balozi nyingi, na hafla za viapo hufanyika Dar es Salaam au Chamwino kutegemea Rais yuko wapi. Zipo pia Ikulu ndogo mikoani, kama za Arusha na Mwanza, na ile ya Tunguu, Zanzibar, ambazo Rais huzitumia akiwa ziarani. Rais wa Zanzibar ana Ikulu yake mwenyewe Unguja, na mamlaka zake ni tofauti na za ofisi ya Rais wa Muungano.

Jumba la Magogoni si makumbusho na halina siku ya wazi kwa watalii. Anayetaka kuliona hulitazama kutoka barabarani au majini, bila kupiga picha. Taarifa za Rais zinaendelea kutolewa kutoka pande zote mbili, na ukitaka kujua ofisi iko wapi siku hiyo, tazama mstari wa mwisho wa taarifa: chini ya jina la msemaji huandikwa ama Ikulu, Chamwino, ama Ikulu, Dar es Salaam.